Salamu Tutawapa Tukirudi

Watu wa njia ya Korogwe kwenda Handeni walisema ana maringo, na kwa muda mrefu nami sikuona wamekosea wapi. Alipita mbele ya nyumba zao juu ya lori, asubuhi kweupe, wazee wamesimama kando ya barabara wakingoja kusalimiwa, naye akanyanyua mkono mmoja tu na kupaza sauti: "Salamu tutawapa tukirudi!" Kisha vumbi likawafunika. Kwetu salamu si neno moja. Unaulizwa umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mvua ya huko mlikotoka imenyesha, ndama yule aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje, nawe unauliza hayo hayo kwa zamu yako. Mtu akipita bila hayo, ama amefiwa ama ana ugomvi nawe. Yeye hakuwa amefiwa, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa amebeba samaki.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha lori hilo, kwa hiyo aibu tuligawana. Yeye alikuwa mgeni wa nchi ile, angeweza kusamehewa. Mimi nilizaliwa huko huko, na wazee waliobaki kwenye vumbi walinijua tangu natambaa.

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumwita kwa jina hata siku moja. Alikuwa Bwana Samaki, kama vile kulivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Mifugo. Kazi yake ilikuwa kuchukua vifaranga wa perege kutoka mabwawa ya kituo pale Korogwe na kuwafikisha wakiwa hai kwenye mabwawa ya vijiji. Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, tulipoambiwa tutoke kwenye vitongoji vyetu tukae pamoja, tulime pamoja, tuchimbe pamoja. Bwawa kila mtu aliweza kulichimba, jembe na karai vinatosha. Kulijaza samaki ndiko kulikomhitaji yeye.

Kabla sijafanya naye kazi niliamini kwamba samaki ukishampa maji umemaliza. Ameishi majini, alilie nini tena? Yeye ndiye aliyenieleza kwamba samaki anapumua kama wewe na mimi, ila hewa yake imo ndani ya maji. Debe likijaa vifaranga na maji yakatulia, hewa inakwisha, wanakufa wamezungukwa na maji. Yakitikisika, hewa inaingia upya. Ndiyo sababu aliogopa kusimama kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote. Lori likienda, samaki wanapumua. Lori likisimama ili dereva amwamkie mjomba wake, samaki wanakabwa.

Kwa hiyo alikuwa mtu wa kwanza na wa mwisho niliyemsikia akiisifu barabara yetu. Mimi nilipoitukana kwa mawimbi yake, meno yakigongana kinywani, yeye kule nyuma alipiga bodi kwa furaha na kusema, "Hapo hapo, dereva! Hapo wanavuta pumzi!" Tukipita kwenye lami ya Mombo alikunja uso kama aliyelishwa shubiri. Lami kwake ilikuwa mahali pa hatari. Huko alishika kata ya kibuyu, akachota maji na kuyamimina tena kutoka juu, debe hadi debe, mpaka tukashika vumbi tena.

Madebe yake alikuwa akiyanusa. Aliingiza kichwa chote ndani, masikio yakapotelea humo, akakaa kimya. Akitoka anatoa hukumu: "Hili lilikuwa na mafuta ya taa." Ungeapa limeoshwa kwa mchanga na majivu na kuanikwa juani juma zima, asingekuelewa. Alilitupa pembeni, na mwenye debe alilichukua akanune nalo nyumbani kwake. Magunia ya kufunika madebe aliyapata kwa jamaa zake wa mashamba ya mkonge, akayalowesha kabla jua halijachomoza. Koti lake la kaki lilikuwa na maji kwenye pindo wakati wote, masika na kiangazi, hata nikazoea kumtambua kwa harufu ya tope kabla sijamwona.

Na alikuwa mkali, msidhani namsifia malaika. Wanadamu hakuwavumilia hata kidogo. Mtu akimwomba lifti tukiwa tumebeba, alimjibu vibaya. Mimi mwenyewe alinigombeza kwa kushika breki ghafla, kwa kuvuta sigara karibu na maji, mara moja hata kwa kuimba, ingawa baadaye alikiri kwamba hilo halikuwahusu samaki. Lakini jioni, madebe yakiwa matupu, alikuwa mtu mwingine. "Simama hapa," aliniambia kwenye nyumba ya kwanza tuliyoipita asubuhi. Alishuka, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Asubuhi tulipita vibaya." Akauliza yote: mke, watoto, mahindi, ndama. Halafu nyumba ya pili. Halafu ya tatu. Hakuruka hata moja, na hakumsahau mtu hata mmoja aliyekuwa amesimama njiani asubuhi ile. Mimi niliyekuwa naangalia barabara nilikuwa siwakumbuki nusu yao. Nilikaa kwenye usukani na njaa yangu, nikimtazama, na ukali wote aliokuwa amenitolea asubuhi ukanitoka moyoni. Sijaona mtu mwingine aliyebeba deni la heshima namna ile na kulilipa siku hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye habari ya bwawa la wakwe zangu, maana bila hiyo nitakuwa nimewaonyesha koti lake tu.

Kijiji cha mke wangu kiko upande wa Handeni, kwenye nchi kavu, ambako samaki waliyemjua alikuwa mkavu wa gulioni. Walipohamia pamoja wakaamua kuchimba bwawa kwenye bonde lililo chini ya ghala. Walichimba kiangazi kizima, wanaume kwa wanawake, na masika yalipoingia likajaa. Si wote waliolitaka. Wenye ng'ombe walisema maji ni ya kunywesha mifugo, si ya kufugia vitu vya kutelezateleza. Mwenyekiti wa kijiji alishikilia kwamba samaki watakuja, na siku ya kuja kwao itakuwa sikukuu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa msimamizi wa wageni. Hakuchaguliwa, ilijulikana hivyo tu. Mkono wake ulikuwa ukiombwa na kila nyumba: kutia punje ya kwanza shambani mvua zikianza, kupokea mtoto anapozaliwa, kugeuza ubwabwa wa harusi. Walisema ni mkono mwepesi, ukigusa kitu kinakwenda vizuri. Mimi na yeye tulikaa kwa adabu ya mtu na mkwewe. Sikumtazama usoni, sikula mbele yake, na nikimkuta njiani nilipisha.

Siku ya sikukuu tulifika mapema, samaki wazima kabisa. Bwana Samaki akataka kushuka nao bwawani papo hapo. Mwenyekiti akamshika mkono. "Hapana, Bwana Samaki. Mgeni rasmi hajafika. Atawamwaga yeye." Madebe yakashushwa, yakapangwa kivulini nyuma ya ghala. Bwana Samaki akapewa kiti meza kuu. Mimi nikatumwa na lori nikamchukue mgeni rasmi, gari lake lilikuwa limezimika njiani.

Yaliyotokea nikiwa sipo niliyasikia kwa mke wangu. Hotuba zilianza bila mgeni, za kupasha moto. Mama mkwe akazunguka ghala kuwaangalia wageni wale wengine, wasiokuwa na kiti. Akawakuta wote wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wanafumba na kufumbua. Akasema, "Masikini, wana njaa! Wametoka Korogwe tangu alfajiri na hapana aliyewakaribisha hata kidogo." Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la pumba na makombo ya ugali, akawagawia debe moja moja, kwa haki, kama anavyogawia watoto.

Nilipomfikisha mgeni rasmi, ngoma zikapigwa, gunia likafunuliwa. Samaki walikuwa wamelala ubavu, matumbo meupe juu, kwenye maji mazito kama uji. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale na bakuli mkononi.

Hakuna aliyemfokea. Ingekuwa heri wangefoka. Kilichofuata ni minong'ono, kwamba mkono ule umegeuka. Mvua zilizofuata hakuna aliyekuja kumwomba atie punje. Jirani alijifungua wakaenda kumwita mkunga wa kijiji cha pili, wakapita mlangoni kwake wakienda na wakirudi. Kwenye harusi aliwekwa akae mkekani na wazee, apumzike, wakamwambia amechoka. Mke wangu alikuwa akienda kumtembelea na kurudi macho mekundu. Mama haulizi kitu, aliniambia. Anakaa na mikono yake mapajani anaitazama.

Wenye ng'ombe wakaitisha mkutano wapewe bwawa. Bwana Samaki aliposikia akaniambia, "Kesho tunakwenda huko." Nikamwambia hatukuitwa. Akasema ndiyo maana tunakwenda kesho, tusingoje kuitwa.

Aliomba nafasi mkutanoni, akasimama na koti lake lenye tope. Nilidhani atatoa somo. Hakutoa.

"Nasikia mnatafuta nani aliwaua wale samaki," alisema. "Ni mimi. Nilijua madebe yametulia. Nilijua kila neno la hotuba linawapunguzia pumzi. Nikakaa, kwa sababu nimepewa kiti na naona haya kuinuka mbele ya watu. Walipopanda juu na kufumbua midomo walikuwa wanakosa hewa. Yule mama akadhani wana njaa, maana midomo wazi kwa mtu yeyote ni njaa. Pumba ziliharibu maji, ni kweli. Lakini katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeondoka kwenda kuwatazama wanaendeleaje. Sisi wengine tulikuwa tunapiga makofi."

Mzee mmoja mwenye ng'ombe akasema polepole, "Yote hayo tumeyasikia, Bwana Samaki. Lakini walikufa baada ya kuguswa na mkono ule."

"Basi mkono ule ule ndio ninaouomba," akajibu. "Safari ijayo namtaka mama aje Korogwe, awachukue mwenyewe, awafikishe mwenyewe."

Kila mtu alielewa kilichowekwa pale chini. Samaki wakifa tena, ukuta wa bwawa unabomolewa upande mmoja ng'ombe waingie, na mama yule hapana atakayempa tena mtoto mchanga ampakate. Kutoka upande wa wanawake mama mkwe akajifunika khanga usoni akasema, "Sitaki. Niacheni." Mwenyekiti akasema mkutano umekwisha.

Bwana Samaki hakumbembeleza. Alikaa juu ya lori hadi jua likaanza kwenda upande, akisema tu kwamba injini inapoa. Nilikwisha kata tamaa nilipomwona mama mkwe anakuja, kikapu kichwani, uso umeangalia chini. Nikaruka kutoka kwenye usukani na kujibanza nyuma ya gurudumu, kwani ningewezaje kukaa naye chumba kimoja cha lori? Bwana Samaki, ambaye kwao hawana mila hiyo, alinitazama kama niliyeumwa na nyuki. Nikamwambia, "Ni mkwe wangu." Akafikiri kidogo. "Vizuri zaidi. Atakaa nyuma na samaki, ndiko kwenye kazi."

Alilala kwa ndugu zake Korogwe, na kesho yake akaletwa kituoni. Hapo pakazuka vita. Alikuta vifaranga wametengwa kwenye birika la saruji, wamenyimwa chakula tangu juzi yake. Akasahau huzuni yake yote. "Watoto hawa wanasafiri na mnawalaza njaa? Mna roho gani nyinyi?"

Nilingoja Bwana Samaki apasuke. Badala yake akamletea kigoda, na madebe mawili ya maji safi. Katika moja akatia vifaranga aliowatoa kwenye bwawa walikokuwa wakila. Katika la pili akatia wale wa njaa. "Tunywe chai, mama," akamwambia. Wakanywa chai. Nami nikanywa yangu nyuma ya ukuta. Walipomaliza, debe la kwanza lilikuwa limechafuka, nyuzi nyuzi za uchafu zinaelea, na samaki wake wameshapanda juu kufumbua midomo. La pili ungeweza kuona kutu ya chini.

Mama mkwe aliinama akanusa moja, akanusa la pili. Akasema neno la Kizigua la masikitiko, taratibu, akijisemea mwenyewe. "Kwa hiyo niliwawekea choo ndani ya nyumba."

"Hukuambiwa," alisema Bwana Samaki. "Hawa watakula, mama. Watakula wakifika."

Tulitoka Korogwe alfajiri ya siku iliyofuata. Nilisikia sauti ya kata kule nyuma safari nzima: maji yanachotwa, yanamiminwa. Mwanzoni kulikuwa na kata mbili, ya Bwana Samaki ya haraka haraka na ya mama ya pole. Baadaye zikafuatana. Wazee walisimama njiani na fimbo zao, na sasa nikasikia sauti mbili zikipaza: "Salamu tutawapa tukirudi!" Mmoja wa wazee wale alikuwa kaka yake mama mkwe, tumbo moja. Alibaki kinywa wazi.

Tulibakiza mwendo mfupi tu. Kabla ya kijiji kuna korongo la mchanga, nami nililiingia kama nilivyoliingia mara zote, lakini mvua za milimani zilikuwa zimeleta mchanga mpya. Gurudumu la nyuma likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Injini ikazimika. Kukawa kimya, na nikajua kimya kile ni cha maji pia.

Bwana Samaki alishuka akaungana nami kuchimba kwa mikono. Nyuma alibaki mama peke yake na kata moja na madebe ambayo mtu mmoja hawezi kuyazunguka yote. Jua lilikuwa limepanda. Nilimsikia akihema.

Watu wa kijijini walikuwa wameliona lori likishuka bondeni bila kutokea upande wa pili, wakaja. Wanawake mbele, wale wale waliopita mlangoni kwake bila kuingia. Wakasimama kwenye ukingo wa korongo. Na kwa kuwa adabu haimtoki mtu hata akiwa na ugomvi, wakaanza: "Mama, hamjambo huko? Mmeamkaje? Safari..."

"Salamu baadaye!" Nilikuwa sijapata kumsikia mama yule akipaza sauti namna ile. "Pandeni huku! Kila mmoja na debe lake! Chota, inua juu, mimina! Hivi! Wewe unatazama nini, huna mikono?"

Wakapanda. Asiyekuwa na kata alitumia kitanga cha mkono, mwingine alivua kofia ya mumewe. Wanaume wakashika bodi ya lori wakawa wanalitikisa huku na huku, na yule mzee mwenye ng'ombe, fimbo kaitupa, alikuwa miongoni mwao, akihesabu kwa sauti ili wasukume pamoja. Mama alipita katikati ya madebe akichungulia moja baada ya jingine, mkono wake ukiingia na kutoka kwenye maji, na hakuna aliyeukwepa. Sijui tulikaa pale muda gani. Najua lori lilipotoka watu hawakushuka, tuliingia kijijini nao wote juu wakichota na kumimina.

Bwawani Bwana Samaki hakumwaga. Aliyaweka madebe ndani ya maji ya ukingoni, yakae, yapoe sawasawa na bwawa. Kisha akatia kata moja ya maji ya bwawa katika kila debe. Akangoja. Kata ya pili. Akangoja. Watu wakaanza kunung'unika. "Wanabisha hodi," akawaambia. "Nani kwenu anaingia nyumba ya mtu bila hodi?" Mwishoni akamwita mama. Mama akalalisha debe polepole, kwa mkono wake ule, na vifaranga wakatoka wenyewe, mmoja mmoja, halafu kundi, wakapotelea kwenye maji ya kijani. Mama alikaa chini kwenye tope akalia. Bwana Samaki alikaa pembeni yake kwenye tope hilo hilo.

Jioni tulipoondoka tulisimama kila nyumba njiani, na mara hiyo nilishuka nami. Kwa kaka yake mama tulikaa mpaka tukaletewa chai.

Siku ya kuvua Bwana Samaki alialikwa, na ndipo nilipoona jambo lililonishangaza kuliko yote. Mtu yule aliyewabeba kama mayai alikula perege kwa uroho ambao sijawahi kuuona. Alianza na kichwa, akafyonza macho, akatafuna mashavu, akamaliza na mfupa mweupe mkavu kwenye sahani. Nilimuuliza kama haoni vibaya. Akanishangaa. "Nilikuwa nawabeba kwenda wapi, dereva?" Punje za kwanza za mvua zilizofuata zilitiwa na mama mkwe katika mashamba mengi kuliko alivyoweza kuyamaliza kwa siku moja.

Miaka ikaenda. Bwana Samaki alihamishwa, nikasikia amestaafu mapema kwa ajili ya macho. Lori la wilaya lilikufa, mimi nikapata kigari kidogo cha mzigo, na kwa sababu nilijua kazi hiyo, watu wakaanza kuniita niwabebee vifaranga. Mama mkwe alizeeka, lakini kila bwawa jipya walimtaka yeye alalishe debe. Nilimbeba nyuma kama zamani, khanga kichwani, kata mkononi.

Siku moja tulikuwa tunawapeleka Mpale. Tulipofika Mombo, pale mabasi yanaposimama na abiria wananunua mahindi na mayai, nikamwona Bwana Samaki amekaa juu ya mfuko wake, kando ya barabara. Koti lilikuwa lingine lakini kukaa kulikuwa kule kule. Macho yameingia ukungu mweupe. Nikapunguza mwendo, nikatoa kichwa nje, nikafungua kinywa kumwamkia.

Kabla sijatoa sauti, aligeuza sikio. Alisikia kule nyuma: maji yanachotwa, yanainuliwa, yanamiminwa, kwa pole. Mama mkwe alikuwa amemwona. Hakuacha kazi yake, hakuinua mkono. Alipaza tu sauti yake ya kizee: "Salamu tutakupa tukirudi!"

Uso wa mtu yule ulifunguka wote. Akacheka mpaka wauza mahindi wakageuka kumtazama. "Nendeni!" alipiga kelele, akinifukuza kwa mikono yote miwili kama anayefukuza kuku. "Dereva, unasimama nini? Nenda!"

Nikaenda. Barabara ya kupanda Mpale niliiona kwa shida, machozi yalikuwa yananisumbua. Kazi ya bwawa haina haraka. Kungoja yapoe, kubisha hodi, kulalisha madebe. Tuliposhuka jua lilikuwa limeshaegemea milimani, na mabasi yote ya upande wa Dindira, alikokuwa akielekea kwa dada yake aliyeolewa huko, kama alivyotuambia baadaye, yalikuwa yamekwisha pita. Nilijiambia hatumkuti.

Alikuwa amekaa pale pale juu ya mfuko wake. Muuza mayai akaniambia mzee huyu ameliacha basi lake liondoke, na amekataa kula chochote, anasema kuna watu wake wanarudi.

Nilimshusha mama mkwe, nikajitenga mbele ya gari kama ipasavyo. Bwana Samaki alisikia hatua zake akavua kofia. "Shikamoo mama." Mama akaitikia. Kisha mzee akauliza la kwanza kabisa, "Wamefika?"

"Wamefika wote," alisema mama.

Ndipo wakasalimiana. Waliulizana yote: macho, magoti, dada wa Dindira, bwawa, mvua, nani amezaa, nani hayupo tena. Hawakuruka mtu. Mimi nilisimama na mgongo wangu kwao nikisikiliza, na nilimpenda yule mzee siku ile kama baba yangu.

Walipomaliza nikasikia mama akifungua kikapu, harufu ya perege wa kukaanga ikanifikia.

"Tangu asubuhi una njaa," alimwambia. "Tutakupeleka Dindira wenyewe. Lakini kwetu umeshafika. Kula."

Nikageuka kidogo, kwa kuiba. Mama alikuwa amemshika kiganja anakielekeza kwenye chakula, na Bwana Samaki alikuwa ameanza na kichwa.